Jinsi Mti wa Masenge Ulivyofika Gisenyi

Ndugu zangu wa Kayanga,

Ile picha niliyowatumia imeleta maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja wenu ameuliza kama yule bibi mwenye mwavuli ndani ya mtumbwi ni mtalii. Mwingine anataka kujua kwa nini tunakokota mti ziwani, na wa tatu ameuliza tu kama niko salama. Niko salama. Nimerudi nyumbani, viganja vinaanza kupona, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka langu la misumari na rangi hapa Mbugangari, Gisenyi, na wateja leo ni wachache. Acha niwaeleze.

Mbugangari

Mnajua kwamba nilioa kwa watu wa ziwa. Baba mkwe wangu, Mzee Silasi, anavua sambaza, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu. Huku sambaza huvuliwa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba, na mbele na nyuma yake hutokeza miti mirefu sana ya kushikilia wavu. Ukiitazama kutoka mbali utadhani panzi mkubwa ametua majini. Chombo chote kwa pamoja wanakiita ekipi, na ekipi isiyo na mti wa mbele haivui kitu.

Mti wa mbele wa Mzee Silasi ulivunjika mwishoni mwa msimu. Kisha ziwa likafungwa, kama linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazaane, na mzee akakaa kipindi chote hicho akisema muda upo. Siku za kufunguliwa zilipokaribia, wavuvi wake wakaanza kuonekana wakinywa chai na wenye ekipi nyingine. Hapo ndipo alipokubali kwamba muda haupo.

Mikaratusi imejaa kila kilima, lakini mirefu iliyonyooka karibu na mji ilikwisha kuchukuliwa na wajenzi, na iliyobaki imejipinda kama imelewa. Mzee alijua mmoja tu wa kumfaa. Aliupanda mwenyewe ujanani katika shamba la dada yake, kule milimani Rutsiro, karibu na msitu wa Gishwati. Shida ilikuwa dada. Hawakuwa wakizungumza kwa miaka mingi. Mume wa dada alipofariki, Mzee Silasi alikuwa ziwani, upepo ukamzuia, akafika siku moja baada ya maziko. Dada alimkuta mlangoni mwa boma, akamwambia amechelewa, arudi alikotoka. Akarudi. Hakuna aliyemlazimisha kutii, lakini alitii, na dada hakumwita tena.

Familia ilikaa kutafuta mjumbe. Mke wangu Vestina alisema mkwe hawezi kufukuzwa kwa sababu daima ni mgeni, na kabla sijamaliza kutafuna, nilikuwa nimechaguliwa. Nikapewa shemeji yangu Fideli, mdogo wake Vestina, mvuvi, ili autambue mti mzuri akiuona. Habari za kibali cha kukata mti sitawasimulia. Tulikipata, na nilizeeka kidogo.

Nyakiriba

Basi letu liliharibika tulipofika Nyakiriba. Dereva alifungua boneti akaangalia ndani kwa huzuni, akaifunga, akaifungua tena.

Hapa inabidi niseme neno juu ya Kiswahili. Chetu sisi tuliokulia Karagwe mnakijua. Cha Fideli ni cha ziwani na cha sokoni Goma, na mara nyingi tunaelewana. Asubuhi hiyo aliniangalia, akaniambia, "Shemeki, we chunga hapa, mi nakuya," akapotea nyuma ya nyumba.

Nikaangalia hapo aliponiambia nichunge. Kulikuwa na mbuzi, kundi dogo, wakila majani pembezoni mwa barabara. Nikaelewa yote. Tunakwenda kuomba kitu kizito kwa mtu aliyekasirika, na Fideli, kijana mwenye adabu kuliko nilivyodhani, amemnunulia shangazi yake mbuzi. Nikavunja fimbo. Mbuzi wale hawakuwa na nidhamu. Mmoja alitaka kuingia kwenye shamba la viazi, nikamrudisha. Mwingine alikwenda kunusa tairi la basi, nikamrudisha. Nilikimbia huku na huko katika viatu vyangu vya kwenda ukweni, na abiria wote wakashuka kutazama.

Baada ya muda alitokea mzee mwenye jembe begani. Aliniuliza kwa upole mkubwa ninawapeleka wapi mbuzi wake. Nikamjibu kwa uhakika kwamba ni wa shemeji yangu. Akauliza shemeji yangu ni nani. Nikasema anakuja. Watu wakaanza kusogea, na nyuso zao hazikunipendeza.

Fideli alirudi na viazi vya kuchoma kwenye jani la mgomba. Alipoambiwa habari, aliweka viazi chini kwanza, kisha akacheka mpaka akakaa. Kumbe kwao kuchunga ni kungoja. Aliniambia ningoje hapo, basi. Mwenye mbuzi naye alicheka, akasema kwa vyovyote nimewazuia wasiingie kwenye shamba la jirani mgomvi, akaniongezea viazi viwili kama ujira.

Lakini jina lilikuwa limeshanishika. Ndani ya basi walianza kuniita mchungaji, na bibi mmoja aliyepanda mbele kidogo, pale basi lilipozimika tena, ambaye hakuona mbuzi wala fimbo, alisikia jina hilo akaniomba kwa unyenyekevu niombee safari. Nikajaribu kueleza. Aliniangalia kwa macho ya kusubiri, ameshainamisha kichwa. Nikaomba. Nilipotamka amina, injini iliwaka, na tangu hapo hapakuwa na njia ya kukanusha.

Rutsiro, kwa Masenge

Masenge maana yake ni shangazi, na ukoo wote unamwita hivyo, hata wasio ndugu zake. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu aliye kilima cha pili. Ujanani aliuza maharagwe Goma, kwa hiyo Kiswahili anacho. Alitupokea kwa maziwa ya mgando, viazi na maharagwe, akauliza habari za kila mtu Gisenyi isipokuwa mmoja.

Mti ulionekana kutoka popote ulipokaa. Ulikuwa nyuma ya nyumba, mweupe kama ulioshwa, magamba yake yakining'inia kama vitambaa, umenyooka kuanzia chini mpaka shingo inaanza kukuuma kwa kutazama. Huko juu kulikuwa na kiota kikubwa cha mwewe. Fideli aliuzunguka mti mara kadhaa, akaugonga kwa mgongo wa panga, akaweka sikio. "Iko muzuri," akasema. "Ndani haina kidonda."

Nilitoa ombi langu baada ya chakula, kwa maneno niliyoyapanga tangu Gisenyi. Masenge alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Kiswahili changu ni kizuri sana, na kwamba mwenye haja ya mti ana miguu. Aje aombe mwenyewe.

Tukalala. Siku ya pili niliomba tena, akanipa kazi ya kumenya maharagwe. Alfajiri ya siku iliyofuata tuliamshwa na kishindo juu ya bati. Nyani wadogo kutoka msituni walikuwa wakivuka paa letu kwenda kwenye viazi vya jirani, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kazini. Masenge hakuwajali. Adui wake alikuwa mwewe. Alisema ndege wale wamekula vifaranga vyake miaka mingi, na kila asubuhi alisimama chini ya mti akawaambia aliyoyafikiria juu yao usiku.

Asubuhi hiyo alitoka kwenda kisimani, akaniachia kazi ya kulinda kuku na vifaranga uani. Nilisimama katikati yao na ufagio mkononi, macho juu, nikijua kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya kujenga heshima. Mwewe alikuja kutoka nyuma. Nilisikia upepo kwenye sikio, na sina budi kukiri kwamba nilichokifunika ni kichwa changu. Niliponyanyuka, kifaranga kimoja kilikuwa angani, na Masenge alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo yake, ameona yote.

Hakunigombeza. Aliweka ndoo chini, akamwita Fideli.

"Kata," akasema. "Si kwa ajili ya yule wa Gisenyi. Ni kwa ajili ya kifaranga."

Chini ya mkaratusi

Fideli alipanda na kamba kiunoni ili apunguze matawi ya juu na aone kama kiotani kuna makinda. Alitupigia kelele kwamba makinda yamesharuka, mle ndani kuna takataka tu. Akaanza kuzitupa chini.

Sikujua kwamba mwewe hupamba nyumba yake. Ilianguka soksi ya mtoto. Ukaanguka mfuko wa plastiki wa bluu, ambao katika nchi hii umepigwa marufuku, kwa hiyo ndege yule aliuvusha mpaka kutoka Kongo bila kukaguliwa. Vikafuata kipande cha chandarua, karatasi ya peremende, na mwisho kitambaa kirefu cha kitenge, rangi ya machungwa yenye maua meusi, kikielea polepole mpaka kikatua juu ya kichaka.

Masenge alikichukua. Akakigeuza. Akakaa chini kwenye mizizi.

Ilibidi Fideli anieleze baadaye. Kitambaa kile kilitoweka kwenye kamba ya nguo muda mrefu uliopita, na Masenge alimwambia jirani yake Veneranda, mbele ya watu baada ya misa, kwamba amekiona kilipoingia kwake. Veneranda hakuwahi kukiri, na Masenge hakuwahi tena kumpitia, ijapokuwa kati ya nyumba zao kuna ua wa miti ya miyenzi tu, na moto wa mmoja unanukia kwa mwingine.

Alikaa hapo mpaka Fideli akashuka. Kisha akapenya kwenye ua, kitambaa mkononi, akapotelea upande wa pili. Tulisubiri. Kwanza tulisikia sauti ya Veneranda peke yake, kwa muda mrefu, ikipanda. Halafu wanawake wawili wanacheka, na kicheko kile kilikuwa na kilio ndani yake. Waliporudi walikuja na mume wa Veneranda, na ndugu za mume, na majirani wengine waliokuja kuona imekuwaje. Ndivyo tulivyopata wabebaji.

Mti ulianguka pale pale Fideli alipoonyesha kwa kidole, kati ya migomba na zizi. Nilidhani kishindo kitakuwa kikubwa. Kilichonishangaza ni kimya kilichofuata, na mwewe wawili wakizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Kuku walibaki wamejificha, hawajui kwamba wameshinda. Wanaume waliuchuna magamba, na mti ukatoka umelowa, mweupe wenye wekundu kidogo, kama muhogo uliomenywa, na uani kote kukanuka dawa ya kifua.

Masenge aliupitisha mkono mara moja, kama unavyompapasa ng'ombe. Akaingia ndani. Alitoka na mwavuli, fungu la nguo, na viatu vya kanisani.

"Nakwenda na muti," akasema. "Niko na maneno ya kumwambia."

Kushuka mlima

Mti mrefu ukiwa umesimama ni mzuri kuutazama. Ukilala mabegani mwa watu, ni tatizo la kona. Njia ya kushuka ziwani imejikunja mara nyingi, na mti haukunjiki. Kila kona ilibidi waliotangulia waingie kwenye shamba la mtu, waombe radhi, wageuke, warudi. Masenge alikuwa mbele kabisa na mwavuli wake, akitoa amri. Mimi niliwekwa katikati, mahali ambapo Fideli alisema siwezi kuharibu kitu.

Kwenye kona moja kali ncha ya mbele iliingia moja kwa moja ndani ya jiko la mtu. Mlango ulikuwa wazi, na mwenyewe alikuwa anakula. Alitazama mti ukiingia mpaka ukafika karibu na sufuria, akawakaribisha. Waliokuwa mbele, pamoja na Masenge na Fideli, waliona si vyema kukataa. Sisi wa katikati na nyuma tulibaki na mzigo mabegani bila kuona kinachoendelea, kwa sababu kuna kichaka kati yetu na jiko.

Wa nyuma wakauliza kwa nini tumesimama. Swali lilipita mtu kwa mtu mpaka jikoni. Fideli, mdomo umejaa viazi, alijibu, "Bamepika!" Jibu likarudi kwa njia ile ile. Mimi niliyekuwa katikati nililipokea vizuri na kulipitisha vizuri, hilo nawahakikishia. Lakini lilipofika mkiani lilikuwa limekuwa "bamezika."

Wanaume wa nyuma waliushusha mti polepole mpaka chini. Wakavua kofia. Mume wa Veneranda, mtu mpole sana, alianza wimbo wa maziko kwa sauti ya chini, na wenzake wakaitikia. Mwenye jiko alitoka nje na kijiko mkononi kuuliza nani amefariki. Hakuna aliyejua. Masenge alisikia wimbo, akatoka naye akiwa na hofu, akidhani mmoja wa wabebaji ameangukiwa na mti. Ilichukua muda kupatana kwamba kila mtu yu hai. Baada ya hapo wa nyuma nao walipewa viazi, vilivyokuwa vimepoa.

Tulipoinama kuunyanyua mti, aliyekuwa jirani yangu aliruka nyuma. Juu ya mti, karibu kabisa na bega langu lilipokuwa, alikuwa kinyonga. Mkubwa, wa kijani, mkono mmoja hewani, anayumba kama mtu anayefikiria kama aende au asiende. Kufumba na kufumbua hapakuwa na mbebaji karibu. Walisimama mbali, wakasema hawaubebi mti wenye mnyama huyo, na hakuna aliyeona aibu kulisema.

Nyinyi mnajua hata kwetu Karagwe kinyonga hashikwi. Lakini wote waliniangalia mimi, mgeni, niliyekuwa na deni la kifaranga. Nilivunja kijiti nikakiweka mbele yake. Alikitazama kwa jicho moja, akanitazama kwa jingine. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Watu wazima wote tulingoja uamuzi wake. Hatimaye alipanda kijitini, nikashusha pumzi, naye hakusimama pale. Aliendelea, taratibu, mpaka kwenye mkono wa shati langu, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa la kijani.

"Usitingishike," Masenge akasema. "Shati imemupendeza."

Sikutingishika. Na wale watu, walipoona mti sasa ni salama, waliunyanyua wakaenda zao. Nilibaki peke yangu kwenye kona ile, mkono umenyooka kama kibao cha barabarani, huku kinyonga akipanda kuelekea kwenye ukosi. Mwenye jiko alirudi kula. Kinyonga alipofika begani aliona tawi la mti wa uzio, akalifikiria sana, akalishika. Nilikimbia kuwafuata kama nimefunguliwa gerezani.

Ziwani

Ufukweni tulipata mtumbwi wenye injini. Mwenye mtumbwi, mtu mnene mtaratibu aitwaye Damasi, aliutazama mti, akamtazama Fideli, akauliza kama ana uhakika kwamba unaelea. Fideli alisema yeye ni mtoto wa ziwa. Kwa hesabu ya tatu wabebaji wote wakausukuma mti majini kwa kelele za furaha.

Ulizama.

Haukuzama kwa haraka. Ulikwenda chini kwa heshima, ncha ya mbele kwanza, na Kivu ni ziwa lenye kina tangu ukingoni. Tulisimama tukitazama viputo. Fideli alisema, "Haizame, inalala tu." Kumbe mkaratusi mbichi umejaa maji, na miti yote aliyowahi kuigusa ziwani ilikuwa imekwisha kukauka.

Kilichotuokoa ni kwamba Masenge hakuwa na imani na maji. Kabla hawajausukuma alimlazimisha mume wa Veneranda afunge kamba kwenye ncha ya nyuma na kuifunga upande wa pili kwenye jiwe, na wanaume walimcheka. Sasa hawakucheka. Tulivuta kamba ile mpaka ngozi za viganja zikabaki juu yake. Damasi aliazima madumu ya manjano katika nyumba zote za ufukweni, tukayafunga pande zote mbili za mti, na safari hii ukaelea, umezungukwa na madumu kama mtu mzima aliyevalishwa shanga.

Tuliagana na wabebaji. Veneranda, aliyekuwa ameshuka mlima wote kumsindikiza mwenzake, alimkabidhi Masenge ndizi za njiani, akamwambia asikae huko sana, kuku watawashinda.

Masenge hakuwahi kuingia ziwani maishani mwake. Alikaa katikati ya mtumbwi, mwavuli wazi, mkono mmoja umeshika ubao, na ndipo nilipopiga ile picha. Tulipoondoka ufukweni alianza kunifanyia mazoezi ya maneno aliyokuja kumwambia kaka yake. Yalikuwa na sehemu nyingi. Yalianza na utoto wao, yakapita kwenye ng'ombe fulani, yakafika kwenye maziko, na hapo yalisimama muda mrefu. Aliniuliza kama neno fulani ni kali mno. Nikasema labda kidogo. Akaweka lililo kali zaidi.

Nyuma yetu ndege weusi wa kupiga mbizi walikuwa wamekaa juu ya madumu, kila mmoja na dumu lake, mbawa wazi wakizikausha. Wavuvi tuliopishana nao walisimamisha makasia kututazama. Mmoja aliuliza ni mti wa nini. Damasi alimjibu kwamba ni mti wa mchungaji, maana Fideli alikuwa ameshamsimulia.

Upepo wa mchana ulitulazimisha kujificha Nyamyumba, penye chemchemi za maji ya moto. Tulizamisha miguu, na Damasi alipika viazi majini humo humo kwa kuvining'iniza ndani ya wavu. Masenge alikaa ameloweka miguu. Nilidhani anapumzika. Aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, kama siku ile ya maziko upepo ziwani ulikuwa kama huu wa leo. Nikasema sijui, sikuwapo. Damasi alisema alikuwapo ziwani msimu ule. Alisema kuna siku ulikuwa mbaya kuliko huu. Masenge alikula kiazi chake na ganda lake.

Tuliondoka maji yalipotulia. Tulikuwa tumeanza kuona nyumba za Gisenyi Damasi alipozima injini ghafla, akaonyesha nyuma kwa kidevu. Juu ya mti wetu, kati ya madumu mawili, fisi maji alikuwa amelala kifudifudi, manyoya yanang'aa, ameshika samaki kwa mikono yote miwili kama mtu anayekula muhindi. Ndege walikuwa wamemwachia nafasi. Damasi alinong'ona kwamba miaka imepita hajamwona hata mmoja. Mnyama alitutazama, akaona hatuna maana, akaendelea kula mpaka mwisho, akajinawa uso, akateleza majini bila sauti. Tulikaa pale tukielea. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwasha injini.

Masenge alisema tu kwamba mti ule aliuona kila siku na hakujua kama siku moja utabeba mnyama wa namna hiyo. Na hakurudi tena kwenye mazoezi yake.

Gisenyi

Wavuvi wote wa Mzee Silasi walikuwa ufukweni, hata wale wa kunywa chai na watu wengine. Mzee mwenyewe alikuwa ameingia majini mpaka magotini, suruali haijakunjwa. Fideli alimpigia simu kuwa mti unakuja. Kuhusu Masenge hakumwambia, eti chaji iliisha.

Mzee aliuona mti kwanza. Kisha akauona mwavuli.

Masenge alisimama ndani ya mtumbwi ili aanze. Mtumbwi ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, mwavuli ukaanguka majini, na mzee akaruka kuliko umri wake akaushika ubao kwa mikono yote miwili. Walikuwa uso kwa uso. Nilikuwa nyuma ya Masenge kabisa, nikijua sehemu inayoanza na utoto, nikaisubiri.

"Nilichelewa," mzee akasema kwanza, kwa Kinyarwanda, taratibu.

Masenge alitazama ziwa lote tulilopita, akamrudia.

"Kulikuwa na upepo," akasema. "Nishushe."

Alimshusha kwa kumpa bega, na viatu vya kanisani vikalowa, na hakuna aliyezungumza tena juu ya jambo hilo mbele yangu. Kwa sababu walipofika tu nchi kavu walianza kugombana juu ya mti. Mzee alitaka upande mnene uwe mbele. Masenge alisema mti huo ameuona ukikua, yeye ndiye anayejua upande wake wa mbele. Waligombana mpaka chakula kikapoa, wavuvi wakicheka chinichini, na Vestina akaniambia sikioni kwamba hivi ndivyo walivyokuwa siku zote alipokuwa mdogo.

Mti ulikuwa mrefu kupita haja. Walikata kipande cha mwisho wakakiacha mchangani, na kilichobaki kikafungwa mbele ya mitumbwi, upande alioutaka Masenge. Ziwa likafunguliwa. Asubuhi ya kwanza nilifunga duka nikashuka ufukweni, na Masenge alikuwa ameshatangulia, amekaa juu ya kile kipande, karai la mafuta juu ya jiko mbele yake. Mzee Silasi alitoka ziwani amelowa, akamletea beseni la sambaza wa kwanza. Masenge aliwachungulia kwa muda mrefu. Alisema ni wadogo. Mzee alisema mwanzo wa msimu huwa hivyo. Masenge aliwamwaga kwenye mafuta, akawageuza, akaonja mmoja.

Kisha akasogea kwenye gogo, kidogo tu, upana wa mtu mwembamba, na kaka yake akakaa.